Vitabu Sita, Kura Moja: Namna ya Kusoma na Kupanga Riwaya Zinazowania Tuzo ya Hugo

Mara ya kwanza nilipopiga kura ya tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za bunilizi ya kisayansi na fantasia, nilijaza kura yangu saa mbili kabla ya dirisha kufungwa. Vitabu vitatu nilikuwa nimevimaliza, kimoja nimefika katikati, na viwili nimevisoma kurasa chache tu nikiwa nusu usingizini. Nilivipanga vyote, cha kwanza hadi cha sita, kwa kujiamini kama hakimu wa rufaa. Miezi michache baadaye nikakisoma kwa utulivu kile nilichokipa nafasi ya tano. Niliona haya. Kilistahili ya pili, na siku ambayo nina moyo mzuri ningekipa ya kwanza.

Tangu hapo nina utaratibu, nao ndio ninaoueleza hapa. Umesimama juu ya jambo moja: kura hii haitaki kujua kitabu ni kizuri kiasi gani, inataka kujua kati ya hiki na kile ungechukua kipi. Anayesoma huku akitoa alama, nane kwa hiki, saba na nusu kwa kile, atafika mwisho akiwa na vitabu vinne vyenye nane na hajui avifanye nini.

Hatua ya 1: Jua unachopigia kura

Tuzo ilipewa jina la Hugo Gernsback, mwanzilishi wa jarida la Amazing Stories la mwaka 1926. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 huko Philadelphia, mwaka 1954 ikaruka, na tangu 1955 haijakosa mwaka. Haina jopo la majaji. Tuzo ya Arthur C. Clarke ya Uingereza, kwa mfano, huamuliwa na watu wachache wanaokaa meza moja wakabishana mpaka wakubaliane. Hugo huamuliwa na wasomaji waliolipia uanachama wa Worldcon ya mwaka huo, kusanyiko la kila mwaka la mashabiki wa bunilizi ya kisayansi, kila mtu na kura yake. Huhitaji kusafiri, kuna uanachama wa kupigia kura tu. Kwa kawaida zinazowania ni kazi zilizotoka mwaka uliotangulia, na tangu 2017 kila kipengele huwa na kazi sita, badala ya tano za zamani.

Vipengele vya hadithi hugawanywa kwa urefu. Chini ya maneno 7,500 ni hadithi fupi. Kuanzia hapo hadi 17,500 ni noveleti, kutoka 17,500 hadi 40,000 ni novela, na kuanzia 40,000 kwenda juu ni riwaya. Kipo pia kipengele cha mfululizo, chenye masharti ya angalau vitabu vitatu na jumla ya maneno 240,000, lakini hicho kina mwongozo wake peke yake na sikigusi hapa.

Kanuni moja huwachanganya wageni: Hugo ni ya bunilizi ya kisayansi au ya fantasia, vyote viwili kwa pamoja. Kitabu cha vyombo vya anga na kitabu cha majoka vinakaa kwenye orodha moja kihalali. Usikishushe kitabu nafasi eti hakina roketi. Kama kimefika fainali, suala la kustahili kuwemo limeshaamuliwa, na kazi iliyobaki ni kukilinganisha na wenzake.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya muda

Hapa ndipo watu wengi huanguka, nami nilianguka hapa. Orodha ya kazi zinazowania hutoka mara nyingi kati ya Machi na Aprili, na dirisha la kura hufungwa katikati ya mwaka. Una miezi mitatu, pengine pungufu.

Tuseme riwaya sita zina wastani wa maneno 110,000 kila moja. Jumla ni maneno 660,000. Anayesoma maneno 250 kwa dakika atatumia saa 44, na akizigawa kwa siku 90 atapata karibu nusu saa kwa siku. Si mbaya. Lakini vitabu hivi viko kwa Kiingereza, na riwaya iliyojaa istilahi za kubuni haisomwi kwa kasi ya gazeti. Kwa maneno 180 kwa dakika, saa 44 zinageuka 61, na ile nusu saa inakuwa dakika 41 kila siku, hata siku ya kuumwa na siku ya wageni. Pima kasi yako mwenyewe kwanza: tega saa dakika kumi, soma ukurasa wowote wenye maelezo mazito, kisha hesabu. Usipime kwa ukurasa wa mazungumzo, utajidanganya.

Hesabu ikikataa, punguza vipengele. Hakuna sheria inayokulazimisha kupiga kura katika kila kimoja. Kipengele ulichokiacha wazi hakimdhuru mtu.

Mimi huanza na hadithi fupi. Zote sita kwa pamoja haziwezi kuzidi maneno 45,000, yaani saa tatu kwa msomaji wa kasi ya wastani. Ni kazi ya Jumamosi moja. Faida yake kubwa ni kwamba unajifunza kupanga kwa vitu vidogo kabla hujaingia kwenye vikubwa. Baada ya hapo riwaya, kisha novela kama muda umebaki, maana novela sita zinaweza kufika maneno 240,000 na hizo nazo ni saa 16.

Usisubiri kifurushi cha wapiga kura. Waandalizi huwapa wanachama nakala za kielektroniki za kazi zinazowania, na ni ukarimu mkubwa, lakini hazitoki siku ile ile ya orodha, na baadhi ya wachapishaji hutoa sura chache tu badala ya kitabu kizima. Anza na kile unachoweza kukipata kwa njia nyingine.

Halafu tenga siku kumi za mwisho. Katika siku hizo hufungui kitabu kipya. Utaona sababu yake mbele.

Hatua ya 3: Amua nani anaanza

Ukijiachia, utaanza na mwandishi umpendaye na kumaliza na kitabu ambacho jalada lake linakuudhi. Matokeo yake ni kwamba kipenzi chako kinapata macho mapya na moyo mweupe, na yule wa mwisho anapata mtu aliyechoka anayehesabu kurasa zilizobaki. Huo si ushindani.

Andika majina sita kwenye vikaratasi, kunja, chota. Fuata mpangilio uliotoka isipokuwa kwa sababu mbili: vitabu viwili vinene vikifuatana, tia chembamba katikati, na kama kimoja ni cha pili au cha tatu katika mfululizo ambao hujausoma, kisogeze nyuma ili upate nafasi ya kusoma kilichotangulia.

Kuhusu huo mfululizo, watu hubishana sana. Msimamo wangu ni huu: kama nina muda, nasoma cha kwanza, kwa sababu kukilaumu kitabu cha tatu kwa kutokujitambulisha ni kama kuingia msibani siku ya arobaini ukauliza marehemu ni nani. Kama sina muda, nasoma hicho hicho kilicho kwenye orodha na kukihukumu kwa kinachosimama chenyewe. Ninachokataa ni kukipa nafasi ya mwisho bila kukifungua, eti sijui kilikoanzia.

Hatua ya 4: Soma na penseli mkononi

Usisome uchambuzi wa mtu yeyote mpaka umalize. Ukishasikia kwamba sura ya ishirini inashangaza, umeshaibiwa mshangao wenyewe, na huwezi tena kujua kama ungeshangaa.

Ninapomaliza kitabu, usiku ule ule kabla ya kulala naandika ukurasa mmoja. Si muhtasari wa kisa. Naandika majibu ya maswali machache, na la kwanza ndilo zito: jambo jipya la kitabu hiki ni lipi, na limeachwa lizae?

Mhakiki Darko Suvin aliliita jambo hilo novum, yaani kitu kimoja kigeni ambacho kikiingia katika dunia ya hadithi kinaipindua. Kuwa nacho ni rahisi. Kukifuata mpaka kinakoelekea ndiko kugumu. Chukua mfano wa kubuni: dunia ambayo mvua hainyeshi ila kwa kibali. Mwandishi dhaifu ataleta kijana anayeiba kibali, atafukuzwa sura kumi, atalipua ofisi, mvua itanyesha, mwisho. Ungebadilisha kibali kuwa almasi na hadithi isingehisi tofauti. Mwandishi hodari atakuuliza mambo ambayo hukuyawazia. Mahakama itaamua vipi mvua ya jirani ikivuka mpaka ikaharibu matofali yako mabichi? Nani bado anasafisha mifereji ya paa, na analipwa na nani? Mtoto ambaye hajawahi kunyeshewa ghafla atacheka au atalia siku ya kwanza? Kibali cha mvua ya mazishi kinaombwa dirisha lipi? Ukiona kitabu kinajibu maswali ya namna hiyo kupitia maisha ya watu, bila kukuwekea mhadhara, kipe alama kubwa kichwani mwako.

Swali la pili ni la watu. Je, wahusika wangekuwa watu wale wale bila lile jambo jipya? Kama ndiyo, basi jambo hilo ni pazia tu la nyuma ya jukwaa. La tatu ni lugha: nachagua aya moja bila kuipekua sana, naisoma kwa sauti. Masikio hukamata uvivu ambao macho huuvumilia. La nne ni mwisho, kama umelipa deni lililokopwa mwanzoni au umelikimbia.

Huu ni ukurasa wa daftari kwa kile kitabu cha mvua, kama kingekuwapo:

"Cha nne. Kimeisha Jumanne usiku. Kurasa 60 za mwanzo nzito, nusura niache. Sura ya mahakama nimeisoma mara mbili. Mama mkwe yu hai kuliko shujaa mwenyewe. Mwisho umekimbizwa, kurasa kumi zinafanya kazi ya hamsini. Ningekirudia? Ndiyo, lakini kuanzia sura ya 5."

Mistari sita inatosha. Baada ya wiki nne utakuwa umesahau jina la shujaa, ila ule mstari wa mama mkwe utakurudishia kitabu kizima.

Kitabu kilichotafsiriwa nakipa subira ya ziada kidogo katika lugha, kwa sababu ninasikia sauti mbili kwa wakati mmoja na sijui kigugumizi ni cha nani. Mwaka 2015 riwaya ya Liu Cixin kutoka China ilikuwa riwaya ya kwanza ya tafsiri kushinda kipengele cha riwaya. Na kuna jambo la kuchekesha kidogo kuihusu: haikuwemo kwenye orodha ya mwanzo. Iliingia baada ya mwandishi mwingine kujitoa, ikaja ikashinda. Wale walioiona kama mbadala wa dakika za mwisho na kuisoma kwa jicho la pembeni walijikosesha.

Hatua ya 5: Kuacha kitabu ni ruhusa, ila kwa utaratibu

Siyo kila kitabu utakimaliza. Mimi hukipa kila kimoja asilimia 20. Kitabu cha kurasa 400 kina kurasa 80 za kunishawishi. Chini ya hapo sijakisoma, nimekionja, na sina haki ya kukisema. Nikifika 80 bado najilazimisha, nasoma sura moja ya katikati, kisha sura ya mwisho. Hapo mara nyingi inajulikana: ama kuna kitu kinakuja ambacho mwanzo ulikificha, nami narudi, ama hakuna, nami nafunga kwa amani.

Kitabu nilichokiacha kwa njia hiyo nakipanga nyuma ya vile nilivyovimaliza. Kuacha nako ni hukumu. Kitabu ambacho sikukigusa kabisa ni habari nyingine, nacho nakiacha bila namba. Tofauti hiyo ina uzito wakati wa kuhesabu, kama tutakavyoona.

Hatua ya 6: Panga kwa kuchomeka

Usisubiri umalize vyote sita ndipo upange. Vitabu sita vinatoa jozi 15 za kulinganisha, na hakuna kichwa kinachobeba jozi 15 kwa usiku mmoja. Fanya kama mtu anayepanga karata mkononi: kila kipya unakichomeka mahali pake kati ya vilivyopo.

Kitabu cha kwanza hakina mshindani, kiandike peke yake. Cha pili kikiisha, jiulize swali moja tu na ulijibu papo hapo. Swali langu ni hili: mwakani mtu akiniomba kitabu kimoja cha mwaka huu asome, kati ya hivi viwili nimpe kipi? Cha tatu anza kukilinganisha na kile cha juu. Kuanzia cha nne, anzia katikati. Tuseme orodha yako ina vitabu vitatu na umemaliza cha nne. Kipambanishe na cha pili. Kikishinda, kipambanishe na cha kwanza. Kikishindwa, kipambanishe na cha tatu. Maswali mawili, na mahali pake pamepatikana.

Siku moja utajikuta kwenye mduara: A kinakishinda B, B kinakishinda C, halafu C kinakishinda A. Usihangaike na kudhani akili zako zimepungua. Mara nyingi maana yake ni kwamba umebadilisha kipimo katikati, umelinganisha A na B kwa wazo, B na C kwa lugha, C na A kwa machozi. Rudi kwenye swali lile moja. Kama mduara haukatiki, fungua daftari uone kitabu gani ulikiandikia kwamba ungekirudia.

Sasa zile siku kumi. Kitabu ulichokisoma jana kina joto mkononi kuliko ulichokisoma miezi miwili iliyopita, na joto hilo hufanana sana na ubora. Kwa hiyo, katika siku za mwisho, chukua vitabu vyako vya kwanza vitatu na usome tena sura ya kwanza ya kila kimoja, ukianza na kile ulichokisoma zamani zaidi. Usisome zaidi ya hapo. Karibu kila mwaka nafasi mbili hubadilishana katika zoezi hili, na karibu kila mwaka kinachoshuka ni kile nilichokimaliza mwisho.

Hatua ya 7: Elewa kura yako inahesabiwaje

Wengi hudhani nafasi ya kwanza ndiyo kura na nyingine ni mapambo. Hesabu ya Hugo ni ya mchujo. Kwanza huhesabiwa nafasi za kwanza. Akipatikana mwenye zaidi ya nusu, amepita. Asipopatikana, wa mwisho anaondolewa, na kila kura yake inahamia kwa kitabu kinachofuata kwenye karatasi hiyo. Hivyo hivyo mpaka mmoja apite nusu ya kura zilizo hai.

Tuone kwa kura 100 na vitabu vinne, tuviite Sayari, Roboti, Bahari na Saa. Raundi ya kwanza: Sayari 34, Roboti 30, Bahari 22, Saa 14. Hakuna aliyepita nusu, kwa hiyo Saa inatoka. Kati ya kura zake 14, kumi zilikuwa na Bahari nafasi ya pili, tatu zilikuwa na Roboti, na moja haikuwa na kitu kingine chochote, mwenyewe aliandika Saa akaondoka. Raundi ya pili: Sayari 34, Roboti 33, Bahari 32, na kura moja imelala. Bahari inatoka kwa pengo la kura moja. Kura zake 32 zinagawanyika: 21 kwa Roboti, 9 kwa Sayari, 2 hazina pa kwenda. Raundi ya mwisho: Roboti 54, Sayari 43. Roboti imeshinda, ingawa Sayari iliongoza raundi mbili.

Mtazame yule mpiga kura mmoja wa Saa. Kama naye angeiweka Bahari nafasi ya pili, Bahari ingekuwa na 33, sawa na Roboti, na hadithi nzima ingeweza kugeuka. Aliacha wazi kwa sababu alidhani chaguo lake la kwanza ndilo pekee lenye maana.

Kwa hiyo yanatoka mambo mawili ya kushika. Chaguo lako la pili haliwezi kulidhuru la kwanza, maana halitazamwi mpaka la kwanza limeshatoka. Hofu ya "nisije nikamsaidia mpinzani" haina msingi. Na hakuna ujanja wa kukizamisha kitabu kinachopendwa kwa kukitupa mwisho, kwa sababu namba sita haiondoi alama kwa mtu. Panga kwa ukweli tu, mfumo huu umetengenezwa kwa watu wanaopanga kwa ukweli.

Mapambano ya karibu hutokea kweli. Kipengele cha riwaya kimeishia sare mwaka 1966, 1993 na 2010, na kila mara vitabu viwili vikaondoka na tuzo.

Hatua ya 8: Mstari wa Hakuna Tuzo

Kwenye kila kipengele, mbali na kazi sita, kuna mshindani wa saba asiye na mwandishi: Hakuna Tuzo. Unampa namba kama wengine. Kumweka nafasi ya nne ni kusema kwamba vitabu vitatu vya juu vinastahili, na kwamba kuliko vile vya chini vishinde, ni heri tuzo isitolewe.

Si mzaha. Mwaka 2015, baada ya makundi ya watu kupendekeza kwa pamoja kazi za orodha walizokwisha kukubaliana na hivyo kujaza nafasi nyingi za fainali, wapiga kura waliichagua Hakuna Tuzo katika vipengele vitano. Zaidi ya hapo, hata kitabu kikishinda mchujo bado kinapimwa mara nyingine: je, waliokiweka juu ya Hakuna Tuzo ni wengi kuliko waliokiweka chini yake? Kisipovuka hapo, tuzo haitolewi.

Mimi huutumia mstari huu kwa ubahili. Kitabu nisichokipenda hakikai chini yake. Kinakaa nafasi ya sita, juu ya Hakuna Tuzo. Chini yake nimewahi kuweka kitabu kimoja tu, na ni kwa sababu kiliandikwa kwa uzembe ambao ilionekana wazi hakuna mtu aliyeuhariri.

Kosa la kawaida hapa ni hili. Mtu hakipendi kitabu fulani, anakiweka chini ya Hakuna Tuzo, namba tano, halafu kingine ambacho hakukisoma anakiacha bila namba. Bila kujua, amekipa kitabu anachokichukia faida juu ya kile asichokijua. Ikitokea vile vya juu pamoja na Hakuna Tuzo vyote vimechujwa, kura yake itahamia kwa adui yake mwenyewe. Kama kweli hutaki kitabu kipate chochote kutoka kwako, usikipe namba kabisa.

Hatua ya 9: Jaza mapema, kisha rekebisha

Dirisha la kura hukuruhusu kubadilisha mpangilio wako mpaka siku ya mwisho, na kinachohesabiwa ni toleo la mwisho. Kwa hiyo jaza siku ile ile unapomaliza vitabu viwili vya kwanza, hata kama vingine vinne havina namba. Kila kitabu kikiisha, ingia urekebishe. Mtandao ukikatika usiku wa mwisho, na hukatika, tayari una kura. Ukimaliza, soma barua pepe ya uthibitisho mstari kwa mstari. Nimewahi kukuta majina mawili yanayofanana nimeyapishanisha.

Kura ni ya mtu mmoja kwa jina lake. Mwaka 2024 waandalizi wa Worldcon ya Glasgow waliziondoa kura 377 zilizokuwa na dalili wazi za udanganyifu, nyingi zikimwelekea mshindani mmoja. Usimlipie mtu uanachama kwa masharti ya kura, hata ukiwa na nia njema na kitabu kizuri.

Piga picha ya mpangilio wako wa mwisho uuweke. Matokeo yakitoka, waandalizi huchapisha hesabu ya kila raundi: nani alitoka wa kwanza, kura zake zilikwenda wapi, nani alishika ya pili baada ya mshindi kuondolewa na hesabu kurudiwa. Fungua kipengele chako, weka picha pembeni, na uifuate kura yako raundi kwa raundi. Mwaka ule wa kile kitabu nilichokipa nafasi ya tano kwa uvivu, nilifuata namna hiyo. Kilitoka raundi ya tatu, na kura yangu wakati huo ilikuwa bado imekaa kwa kitabu ambacho leo sikumbuki hata kiliishaje.